Ghuba Iliyokingwa au Mwamba wa Nje: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuogelea na Kutazama Matumbawe

Msafiri aliyefika katika ufuo wa nchi za joto akiwa na siku moja tu ya kuingia majini kwa kawaida hujikuta na chaguo mbili. Ya kwanza ni ghuba ndogo iliyokingwa na rasi pande zote mbili, yenye mchanga mwishoni na matumbawe kandokando, ambayo mtu huingia kwa miguu yake mwenyewe. Ya pili ni safari ya boti hadi ukingo wa nje wa mwamba, mahali ambapo matumbawe hukoma na bahari kuu huanza. Kote kuwili atafanya jambo lilelile, yaani kuelea kifudifudi akiwa amevaa miwani ya kuzamia na kupumua kwa snokeli (neli ya kuvutia hewa), lakini siku mbili hizo hazifanani hata kidogo, na anayechagua kwa kutazama picha peke yake mara nyingi huchagua vibaya.

Wengi huanza na swali la wataona nini. Kwa maoni yangu, swali linalopaswa kutangulia ni hili: nikichoka, nikiogopa au nikimeza maji, nitatoka vipi? Ghuba na mwamba wa nje hutofautiana katika mambo mengi, ila tofauti kubwa kuliko zote iko katika jibu la swali hilo, na mengine yote, yakiwemo samaki na usafi wa maji, nitayapima nikilizingatia.

Utulivu wa maji unatoka wapi

Ghuba haitulii kwa bahati. Mawimbi yanapoukaribia ufuo wenye rasi, hupinda kufuata kina cha maji, na katika kupinda huko nguvu zake hujikusanya kwenye rasi na kutawanyika ndani ya ghuba. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama mchangani akiwa na maji yaliyotulia mbele yake, ilhali umbali wa mita 200 tu kutoka hapo mawimbi yanapasuka juu ya mawe kwa kishindo. Ikiwa ghuba ina pia kizingiti cha matumbawe mlangoni, basi kinga huwa maradufu, kwa kuwa mawimbi hupasukia hapo na kuingia ndani yakiwa yamechoka.

Lakini kinga hiyo ina mwelekeo, na ina mipaka. Ghuba inayotazama upande ambao upepo wa msimu huo hautoki huwa shwari. Msimu ukigeuka, ghuba ileile inaweza kuchafuka kwa miezi kadhaa. Aidha, mawimbi hayafanani. Wimbi fupi la upepo wa karibu, linalopita kila baada ya sekunde 5, huwa na urefu wa takriban mita 39 katika maji ya kina kirefu, na huanza kuihisi sakafu ya bahari pale kina kinapopungua hadi nusu ya urefu huo, yaani kama mita 20. Wimbi refu lililozaliwa na dhoruba ya mbali na kupita kila baada ya sekunde 14 huwa na urefu wa takriban mita 300, nalo huihisi sakafu likiwa bado juu ya maji ya mita 150. Kwa kuwa linaanza kupinda mapema zaidi, wimbi la namna hii lina uwezo mkubwa wa kuizunguka rasi na kuingia katika ghuba ambayo wenyeji wake huiona shwari mwaka mzima. Huja kwa mafungu: dakika kadhaa za utulivu, kisha mawimbi matano au sita makubwa yanayofuatana, kisha utulivu tena. Mtu aliyeingia majini wakati wa utulivu hujua habari za fungu hilo akiwa tayari amefika penye mawe.

Mwamba wa nje hauna kinga ya rasi. Kinga yake ni mwamba wenyewe, tena kwa upande mmoja tu. Nahodha mwangalifu huifunga boti upande uliojificha na upepo, ambako maji huwa tulivu kiasi cha kuogelea, na upande wa pili mawimbi hupiga kwa nguvu zote. Hata upande uliojificha maji hayatulii kama ya ghuba: yanapanda na kushuka polepole chini ya mwogeleaji, na mtu ambaye hakuzoea huweza kupata kichefuchefu akiwa majini, si ndani ya boti peke yake. Kwa hiyo, kwa utulivu, ghuba hushinda katika siku nyingi za mwaka, ingawa haishindi katika siku zote, na anayedhani inashinda siku zote ndiye ninayemhofia.

Njia ya kutoka

Uzuri mkuu wa ghuba ni kwamba ufuo uko pande tatu. Mwogeleaji akiinua kichwa huona nchi kavu kila anakotazama isipokuwa mlangoni, na kwa sehemu kubwa ya maji anaweza kusimama, kuvua miwani, kukohoa na kuanza upya. Mtu anayejifunza kupumua kwa mdomo akiwa ameinamisha uso majini anahitaji nafasi hii kuliko anavyohitaji samaki. Pumzi za kwanza za snokeli huwa na woga hata kwa waogeleaji wazuri, kwa sababu mwili unapinga kuvuta hewa wakati uso uko ndani ya maji, na dawa ya woga huo ni kujua kwamba mchanga uko chini ya miguu.

Hata hivyo ghuba ina namna mbili za kumfungia mtu mlango, na zote mbili huhusu maji kujaa na kupwa. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kukiwa na takriban saa 12 na dakika 25 kati ya kujaa kumoja na kwingine, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika saa sita za kupwa, maji hayashuki kwa kasi moja: saa ya tatu na ya nne huchukua karibu nusu ya mshuko wote. Ikiwa ghuba ni pana na mlango wake ni mwembamba, maji hayo yote hupita mlangoni katika saa hizo, na mkondo unaotoka unaweza kumchukua mtu bila yeye kuhisi, kwa sababu anayeelea akitazama chini huona matumbawe yakipita na kudhani anaogelea vizuri.

Namna ya pili niliipata mimi mwenyewe. Niliingia katika ghuba moja maji yakiwa yameanza kupwa, nikapita juu ya uwanda wa matumbawe uliokuwa na zaidi ya mita moja ya maji, nikakaa upande wa pili kwa muda mrefu nikimfuata kasa aliyekuwa akila nyasi za bahari. Niliporudi, uwanda ule ulikuwa na maji yasiyofika magotini. Kuogelea juu yake kungenichana kifua na tumbo, kutembea juu yake kungeyavunja matumbawe na kunitoboa nyayo kwa miiba ya shuri, na mawe ya kandokando hayakuwa na mahali pa kupandia. Nililazimika kuzunguka karibu na mlango, nikipiga mapezi niliyovaa miguuni kinyume cha maji, na nilifika mchangani nikiwa nimechoka kupita kiasi. Hakuna aliyekosea ila mimi: jedwali la maji nilikuwa nimelisoma kwa ajili ya kuingia, sikulisoma kwa ajili ya kutoka. Tangu siku hiyo huingia ghubani saa moja au saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, ili ninapotoka uwanda uwe bado umefunikwa na mkondo wa mlangoni uwe dhaifu.

Kwenye mwamba wa nje, ufuo wako ni boti. Hakuna pa kusimama, kwa sababu popote unapoweza kugusa kwa mguu ni tumbawe hai, na njia ya kurudi ni ngazi moja ya nyuma au ya ubavuni. Mkondo wa maili moja ya bahari kwa saa, ambao ni kama nusu mita kwa sekunde, humsogeza anayeelea takriban mita 30 kila dakika. Kwa dakika kumi amefika mita 300 kutoka kwenye ngazi yake, na waogeleaji wengi wa kawaida hawawezi kuushinda mkondo huo kwa muda mrefu. Waendeshaji wanaojua kazi yao wana taratibu mbili za kukabiliana na jambo hili: ama boti hufungwa kwenye boya na waogeleaji huanza kwa kwenda kinyume cha mkondo ili kurudi kuwe rahisi, ama boti huwashusha na kuwafuata wanapochukuliwa na maji. Utaratibu wa pili ni wa raha kubwa, mradi kuna mtu ndani ya boti ambaye kazi yake ni kuwatazama na kuwahesabu, asiye na kazi nyingine yoyote. Katika jimbo la Queensland, Australia, ambako boti nyingi hupeleka wageni kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe uitwao Great Barrier Reef, kanuni za kazi hutaka kuwe na mlinzi wa namna hiyo, na wageni wenye hatari zaidi kwa sababu ya umri au maradhi hutambuliwa kabla hawajaingia majini. Mahali ambapo kanuni kama hizo hazipo, maswali hayo ni ya msafiri mwenyewe kuyauliza kabla ya kulipa: nani anatazama, ngazi iko wapi, mnahesabu lini. Asipopata jibu la wazi, achague ghuba.

Nani aende wapi

Kwa watoto, kwa wanaojifunza na kwa waliopita miaka mingi bila kuogelea, sioni sababu ya kusitasita: ghuba ndiyo mahali pao. Mtoto hupata baridi mapema kuliko mtu mzima hata katika maji ya joto, huhitaji kutoka na kuingia mara nyingi, na boti haimpi nafasi hiyo.

Kwa watu wazima wenye matatizo ya moyo au ya mapafu jambo ni zito zaidi, na hapa utulivu wa ghuba unaweza kudanganya. Huko Hawaii, kuogelea kwa snokeli ndiyo shughuli inayoongoza miongoni mwa zile zinazohusishwa na vifo vya wageni wanaozama baharini, licha ya kwamba hufanywa zaidi katika maji yanayoonekana kuwa ya upole. Anayezidiwa akiwa na snokeli mdomoni mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono. Hunyamaza, akabaki ameelea kifudifudi kama wenzake wote waliomzunguka. Neli yenyewe huongeza ukinzani wa hewa, na mtu anayejitahidi sana huku akivuta hewa kwa shida hujichosha mapafu na moyo kwa pamoja. Kwa hiyo ghuba ni salama zaidi kwake kwa sharti moja, kwamba awe na mwenzake anayeogelea pembeni yake hasa, si mwenzake aliyekaa ufuoni akilinda mizigo, na atoke pale anapoanza kutweta bila kungoja zaidi.

Mwogeleaji mwenye nguvu, anayeweza kuelea dakika 20 bila kugusa chini na ambaye hutoa maji kwenye snokeli bila kuinua kichwa, ataufurahia mwamba wa nje zaidi. Namtaka afanye jaribio hilo ghubani kwanza, siku moja kabla. Si kipimo kigumu, na akishindwa amejifunza jambo hilo mahali ambapo anaweza kusimama.

Kinachoonekana

Hapa mwamba wa nje una haki ya kujisifu. Maji yake husafishwa na bahari kuu, na mtu mara nyingi huona umbali unaozidi mita 20. Matumbawe hupanda kama ngome, kisha hukatika na kushuka katika buluu isiyo na mwisho, na ukingoni hapo hupita makundi ya samaki wakubwa, samaki bapa waitwao taa, na wakati mwingine papa wa mwambani ambao hawana haja na binadamu. Hisia ya kuelea juu ya ukingo ule ni kama ya kusimama pembeni mwa jabali bila kuwa na hofu ya kuanguka, na sijapata kuipata mahali pengine.

Lakini wengi huidharau ghuba kwa kukosa kujua namna ya kuitazama. Maji hula rangi nyekundu kwanza, na ndani ya mita 5 za mwanzo rangi hiyo huwa imefifia sana. Kilicho katika mita moja hadi tatu, kama yalivyo matumbawe mengi ya ghubani, huonekana kwa rangi zake karibu kamili bila taa ya kumulika wala kupiga mbizi. Juu ya hayo, kioo cha miwani ndani ya maji hukifanya kila kitu kionekane kikubwa zaidi kwa kama theluthi moja, na karibu zaidi kwa kama robo ya umbali wake. Katika ghuba, basi, mtu huona kidogo kwa ukaribu, na kwenye mwamba wa nje huona vingi kwa umbali. Ghubani nimekaa nusu saa nzima juu ya jiwe moja nikimtazama pweza akibadili rangi, na nimewasikia pono wakiguguna matumbawe kwa sauti inayofika masikioni waziwazi; mchanga mweupe wa fukwe nyingi za namna hii kwa sehemu ni kazi ya pono hao, wanaosaga matumbawe mafu na kuyatoa yakiwa unga. Kwenye nyasi za bahari hujificha samaki wachanga ambao wakikua watahamia nje, kwa hiyo anayeitazama ghuba kwa makini anaangalia kitalu cha mwamba wote.

Udhaifu wa ghuba ni maji kuchafuka. Ikiwa kuna kijito kinachomwagikia ndani, mvua kubwa ya usiku huigeuza ghuba yote kuwa ya rangi ya chai, na inaweza kuchukua siku moja au zaidi kusafika. Zaidi ya kutoonekana kitu, maji hayo hubeba uchafu wa nchi kavu, na mwenye kidonda asiingie. Hata bila mvua, miguu ya waogeleaji hutibua mchanga, na ghuba iliyokuwa kama kioo saa mbili asubuhi huwa na ukungu ifikapo saa tano. Mahali pazuri zaidi ghubani ni pembeni, kandokando ya mawe ya rasi, kuanzia katikati ya ghuba kuelekea mlangoni: huko ndiko maji mapya huingia na samaki hukusanyika. Msomaji atakumbuka kwamba ni hukohuko kwenye rasi ambako nguvu za mawimbi hujikusanya. Mpaka wangu ni pale ninapoanza kuhisi mwili unasukumwa na kuvutwa kuelekea kwenye mawe. Hapo hugeuka, hata kama mbele kuna kitu kinachovutia.

Vifaa

Miwani isiyovujisha ni muhimu kuliko vyote, na hujaribiwa kwa kuibandika usoni bila mkanda na kuvuta hewa kwa pua: ikishika, inafaa. Ghubani mapezi mafupi yanatosha, nayo huvaliwa maji yakiwa yamefika kiunoni. Kwenye mwamba wa nje usishuke bila mapezi, kwani ndiyo injini yako pekee dhidi ya mkondo. Fulana ya kuelea naishauri kote kuwili kwa yeyote asiye na uhakika. Miwani inayofunika uso mzima siipendi, kwa sababu neli ya kawaida mtu huitema mara moja anapozidiwa, ilhali ile huhitaji kuvuliwa. Ghubani pia vaa viatu vya maji hadi mahali pa kuogelea, na uburuze miguu mchangani badala ya kuikanyaga, ili taa aliyejifukia apate kuondoka kabla hujamfikia.

Umati, na deni letu kwa matumbawe

Kwa kuwa ghuba ni rahisi kufikiwa, ndiyo inayoumia. Tumbawe la umbo la jiwe hukua kwa kama sentimita moja kwa mwaka, na hata yale ya matawi, ambayo hukua haraka zaidi, huchukua miaka kurudisha kilichovunjwa kwa pezi moja lililopigwa vibaya. Matumbawe yamefunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari na bado hutunza karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini zinazojulikana, kwa hiyo anayesimama juu yake ili arekebishe miwani anasimama juu ya kitu chenye thamani kubwa kuliko starehe yake. Ghuba zenye maji machache hupata pia joto kwa haraka, na matumbawe huanza kupauka maji yakizidi kiwango chake cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa. Yaliyopauka bado yanaweza kupona, mradi yasiongezewe majeraha.

Mifano miwili inaonyesha ghuba ndogo inavyoweza kulemewa, na inavyoweza kutunzwa. Hanauma Bay, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ni ghuba iliyomo ndani ya kreta (shimo la mdomo) ya volkeno ambayo bahari iliubomoa ukuta wake wa upande mmoja. Ilihifadhiwa kisheria mwaka 1967, na baada ya miaka mingi ya umati mkubwa iliwekewa masharti: idadi ya wageni ina kikomo, kuna siku za wiki inapofungwa ili ipumzike, na tangu mwaka 2002 kila mgeni hutazama filamu fupi ya maelekezo kabla ya kushuka ufuoni. Maya Bay nchini Thailand ilipokea maelfu ya watu kwa siku pamoja na boti zao hadi matumbawe yake yakaharibika vibaya. Ilifungwa Juni 2018 na kufunguliwa tena Januari 2022, boti zikiwa haziruhusiwi tena kuingia ndani ya ghuba, na kuogelea kukiwa kumewekewa vizuizi vikali. Wakati wa kufungwa kwake, papa wenye ncha nyeusi za mapezi walirudi kuzunguka katika maji yake machache. Funzo kwa anayechagua ni la moja kwa moja: baadhi ya ghuba maarufu hazitakupa nafasi ya kuogelea kabisa, na nyingine huhitaji kuomba nafasi mapema, kwa hiyo masharti ya mahali yasomwe kabla ya kupanga siku.

Krimu za kuzuia jua nazo zimo katika hesabu hii. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipiga marufuku krimu zenye kemikali zinazodhaniwa kudhuru matumbawe kuanzia Januari 2020, na Hawaii ilizuia uuzaji wa zile zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Fulana ya mikono mirefu huumaliza ubishi huo kwa sehemu kubwa, kwani mgongo na nyuma ya mapaja ndivyo vinavyoungua zaidi kwa mtu anayeelea kifudifudi. Ghubani, ambako maji hayabadiliki haraka, kinachooshwa mwilini hubaki muda mrefu zaidi, na kwa hiyo ndiko fulana inakofaa zaidi.

Chaguo la tatu

Kuna ufuo ulio wazi usio na rasi, lakini wenye mwamba mrefu unaokwenda sambamba nao, na maji ya kina kifupi katikati. Maji haya ya ndani ya mwamba ni tulivu na ni mapana, hayana umati, na kwa kuogelea tu ni mazuri sana maji yakijaa. Kwa snokeli huhitaji kutembea au kuogelea mbali kabla ya kukuta matumbawe, na maji yanapokupwa huwa machache mno. Hatari yake moja ni milango ya mwamba, ambamo maji yote yaliyosukumwa ndani na mawimbi hutokea. Ukiona ukanda wa maji meusi na laini kati ya mistari ya mapovu, hapo ndipo bahari inapotokea, na si mahali pa kupitia.

Asubuhi ya kuamua

Ningeamua hivi. Jioni iliyotangulia ningetazama saa ya maji kujaa. Ikiwa maji yanajaa kati ya saa tatu na saa sita mchana, na mvua haikunyesha, siku hiyo ni ya ghuba, kwa kuwa utulivu wa asubuhi, usafi wa maji na kina cha kutosha vimekutana. Ikiwa maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa hizo, ghuba haitanipa zaidi ya mahali pa kuoga, na ikiwa upepo ni mdogo na ninao uwezo, ningechukua boti. Upepo ukiwa mkali, boti ningeiacha hata kama nimekwisha kulipa, na ghuba ningeifikiria tu kama inatazama upande wa pili.

Nikifika ghubani nisingeingia papo hapo. Ningekaa mahali palipoinuka kidogo kwa dakika 20 nikitazama mlango na mawe ya rasi, muda unaotosha kwa fungu moja au mawili ya mawimbi ya mbali kupita ikiwa yapo, nikimtafuta kwa macho mtu anayetoka majini ili nione anatokea wapi. Mahali hapo ningepachagulia alama ya nchi kavu isiyosogea, jiwe au mti, na kuelekea baharini huku nikigeuka kuitazama kila baada ya dakika chache.